Mchagua jembe si mkulima? Ndege 120 za easyJet zasema vingine

Kuna methali ambayo imewagharimu wakulima na wafanyabiashara wadogo fedha nyingi kuliko wanavyodhani. Methali hiyo ni "mchagua jembe si mkulima". Wazee walioitunga walikusudia kumkemea mvivu, yule anayekaa chini ya mwembe akilalamikia mpini wakati wenzake wamekwisha kupiga tuta la kumi. Kwa jembe la mkono, wazee hao walisema kweli. Tatizo ni kwamba siku hizi wapo wanaoitumia methali hiyo kwa trekta, kwa mashine ya kukoboa mpunga, kwa pampu ya kumwagilia na kwa lori la kubebea mazao. Wanaingia dukani, wanaonyeshwa mtambo mmoja, wanatajiwa bei moja, wanalipa na kutoka wakiamini kwamba kilichobaki ni kuchapa kazi.

Wenye mashirika ya ndege ya bei nafuu hawafanyi hivyo. Biashara yao inafanana na ya muuza nyanya sokoni kuliko watu wengi wanavyofikiri. Faida kwa kila abiria ni ndogo, ushindani ni mkali, na tiketi isiyouzwa leo imeoza, kwa sababu ndege ikisharuka kiti kitupu hakiuziki tena. Mtu wa namna hiyo hawezi kupona kwa kupandisha bei. Anapona kwa kununua vizuri.

Mfano ulio wazi ni wa easyJet ya Uingereza. Oktoba 2002 kampuni hiyo iliwageuzia mgongo Boeing wa Marekani, waliokuwa wakiiuzia ndege tangu utoto wake, ikaagiza ndege 120 kutoka kwa mshindani wao, Airbus wa Ulaya. Miaka zaidi ya 20 imepita, na matokeo yake sasa yanaweza kupimwa bila haraka. Ni darasa kwa kila anayekusudia kununua chombo kikubwa cha kazi.

Aina moja, fundi mmoja

easyJet ilianzishwa mwaka 1995 na Stelios Haji-Ioannou, kijana wa familia ya matajiri wa meli yenye asili ya Cyprus. Safari zake za kwanza zilianza Novemba mwaka huo kutoka Luton, kaskazini mwa London, kwenda Glasgow na Edinburgh. Tiketi ya kwenda tu iliuzwa kwa pauni 29, na matangazo yake yalijigamba kwamba kusafiri kwa ndege sasa ni bei ya suruali ya jinzi. Ndege zenyewe zilikuwa mbili tu, za kukodi, aina ya Boeing 737.

Mtindo huo haukuwa mpya. Southwest ya Marekani ilianza kuruka mwaka 1971 ikiwa na Boeing 737 tatu, na kwa miongo iliyofuata ikajijengea jina kwa kung'ang'ania aina hiyo hiyo ya ndege. Ryanair ya Ireland iliiga somo hilo katika miaka ya 1990 chini ya Michael O'Leary. Kwa muda mrefu kanuni ya kwanza ya ndege za bei nafuu ikawa ni hii: nunua aina moja, na usiiache.

Sababu zake ni rahisi kueleweka. Rubani aliyesomea Boeing 737 haruhusiwi kurusha Airbus A319 mpaka apate mafunzo mengine na kibali kingine. Fundi naye ni vivyo hivyo. Stoo ya vipuri ikiwa na aina moja inahitaji mtaji mdogo, ikiwa na aina mbili lazima iwekewe kila kitu mara mbili. Ndege moja ikiharibika asubuhi, nyingine yoyote inaweza kushika safari yake, na rubani yeyote aliye zamu anaweza kuirusha. Anayemiliki daladala tano za Hiace analijua jambo hili bila kufundishwa. Spea ya moja inafaa kwa nyingine, na fundi wake ni mmoja.

Hata hivyo, aina moja ina mtego wake. Muuzaji akishajua kwamba mteja hana pa kwenda, anaanza kumhesabia kama mali yake. Punguzo linapungua mwaka hadi mwaka, tarehe za kupokea mzigo zinasogezwa, na malalamiko ya mteja yanajibiwa kwa tabasamu. Mteja wa namna hiyo hajanunua chombo peke yake, amenunua na bwana wa kumtumikia.

Soko lilipolala

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 2002 lazima kukumbuka hali ya soko. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, abiria waliogopa kusafiri. Ulaya ilishuhudia mashirika ya zamani kama Swissair na Sabena yakianguka mwaka huo huo. Mashirika mengi yaliegesha ndege na kuomba kuahirisha oda. Boeing ilitangaza kwamba ingepunguza wafanyakazi kati ya 20,000 na 30,000 katika kitengo chake cha ndege za abiria. Viwanda vilikuwa na mitambo, mafundi na madeni, lakini wanunuzi walikuwa wachache.

Wakati wakubwa wanakimbia soko, wauza tiketi za bei nafuu waliingia. Januari 2002 Ryanair iliagiza Boeing 737-800 mpya 100, pamoja na haki ya kuongeza nyingine 50. Bei halisi haikuwekwa hadharani, kama ilivyo desturi ya biashara hii, ambako bei iliyochapishwa kwenye orodha ya kiwanda hailipwi na mnunuzi yeyote mkubwa. Lakini haihitaji elimu ya chuo kikuu kujua kwamba mtu anayetaka ndege 100 wakati hakuna anayetaka hata moja hatozwi bei ya sikukuu.

easyJet nayo ilikuwa inakua. Mwaka 2002 iliinunua Go, shirika lililoanzishwa na British Airways, kwa pauni milioni 374. Go nayo ilikuwa inatumia Boeing 737. Kwa hiyo kila dalili ilionyesha kwamba oda kubwa inayofuata ingekwenda Boeing. Marubani walikuwa wa Boeing, mafundi walikuwa wa Boeing, stoo ilikuwa ya Boeing.

Uongozi wa easyJet, chini ya mtendaji mkuu Ray Webster, ulifanya jambo ambalo mnunuzi mzembe asingelifanya. Uliwaita wote wawili mezani. Boeing alileta 737-700. Airbus alileta A319. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake yuko chumba cha pili.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Airbus alikuwa na njaa ya pekee katika mashindano hayo. Kwa wakati ule ndege za bei nafuu za Ulaya, kuanzia Ryanair hadi easyJet na Go, zilikuwa shamba la Boeing. Bila kuingia katika shamba hilo, Airbus angebaki kuuza kwa mashirika ya zamani ambayo ndiyo yaliyokuwa yanayumba. Alihitaji mteja mmoja mkubwa ambaye wengine wangemtazama na kumfuata. Mnunuzi anayejua njaa ya muuzaji amekwisha kupata nusu ya punguzo.

Tarehe 14 Oktoba 2002 jibu lilitangazwa: A319 zipatazo 120, na haki ya kununua nyingine 120 kwa bei iliyofungwa kwa miaka 10. easyJet ilieleza kwamba ofa ya Airbus ilikuwa bora hata baada ya kujumlisha gharama za kuendesha aina mbili za ndege kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata, 2003, Airbus ilikabidhi wateja wake ndege 305 na Boeing 281. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Airbus kumpita mpinzani wake kwa mwaka mzima.

Hesabu ya viti saba

Wapo waliosema wakati ule kwamba easyJet imevunja kanuni takatifu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kuwa na aina mbili kulimaanisha makundi mawili ya marubani na stoo mbili za vipuri, na hali hiyo ilidumu kuanzia A319 ya kwanza ilipopokelewa mwaka 2003 hadi Boeing ya mwisho ilipoondoka mwaka 2011. Hiyo ni karibu miaka minane ya kulipia vitu mara mbili.

Lakini kanuni si Msahafu. Kanuni ya aina moja ipo kwa ajili ya kupunguza gharama, na ikiwa kuivunja kunapunguza gharama zaidi, basi anayeing'ang'ania anaabudu kanuni na kusahau lengo. Jambo la kuangalia ni ukubwa wa kundi. Mwenye ndege nne akizigawa mbili za aina hii na mbili za aina ile, ameumia. Anayenunua 120 kwa mpigo anapata kundi la pili linaloweza kujitegemea, lenye marubani wake, mafundi wake na stoo yake.

Ili kuona jinsi hesabu hizi zinavyofanywa kwa makini, inatosha kutazama viti. Boeing 737-700 za easyJet zilikuwa na viti 149. A319 iliagizwa na viti 156, na ili ndege ile iruhusiwe kubeba watu wengi hivyo ilibidi iwekewe milango miwili ya dharura juu ya kila bawa, badala ya mmoja. Viti saba zaidi katika kila safari, mara kadhaa kwa siku, mwaka mzima, ni fedha.

Hata hivyo, sheria za Ulaya zinataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake. Viti 149 vinahitaji wahudumu watatu. Viti 156 vinahitaji wanne. Kwa hiyo viti saba vya nyongeza vilikuja na mshahara wa mtu mmoja wa nyongeza. Ndege inapojaa, viti hivyo vinamlipa mhudumu na kubakiza faida. Ndege isipojaa, mhudumu analipwa na hewa.

Kwamba hesabu hiyo si ya kubuni kulionekana miaka 20 baadaye. Mei 2022, baada ya janga la korona, wahudumu walikuwa adimu Uingereza na safari zilikuwa zinafutwa. easyJet ilitangaza kwamba ingeng'oa safu ya mwisho ya viti katika A319 zake za Uingereza ili zibaki na viti 150, na hivyo ziruke na wahudumu watatu. Viti sita vilitolewa ili kuokoa safari nzima. Kile kilichokuwa faida mwaka 2002 kilikuwa kimegeuka kuwa mzigo, na kampuni haikuona haya kukibadilisha.

Mwenye mashine ya kusaga anayajua haya kwa jina lingine. Mashine kubwa inasaga magunia mengi zaidi kwa saa, lakini inataka umeme mkubwa zaidi na kijana wa pili wa kushika gunia. Kama foleni ya wateja ipo, ni neema. Kama foleni haipo, ni deni linalonguruma.

Si suala la chapa

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba easyJet ilikuwa na akili na Ryanair ilikosea kwa kubaki na Boeing. Ukweli haukubali. Ryanair ilibaki na Boeing na ikakua kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Ulaya. Wawili hao walichagua chapa tofauti katika mwaka ule ule, na wote walifanikiwa. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Kilichowaunganisha si chapa, ni wakati wa kununua na nidhamu ya kuhesabu.

Ryanair iliurudia mchezo huo zaidi ya mara moja. Mwaka 2014 iliagiza Boeing 737 MAX 100 zenye viti 197. Kisha zikatokea ajali mbili za aina hiyo ya ndege: ya Lion Air nchini Indonesia Oktoba 2018, iliyoua watu 189, na ya Ethiopian Airlines Machi 10, 2019, iliyoua watu 157 ikiwa safarini kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Msiba huo wa pili uliingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Ndege za MAX zikazuiwa kuruka duniani kote, na Ryanair, iliyotegemea kuzipokea mwaka huo wa 2019, ilipata ya kwanza Juni 2021.

Hiyo ndiyo gharama ya kutegemea muuzaji mmoja, na hakuna punguzo linaloifuta. Shirika lilipanga njia mpya na vituo vipya kwa ndege ambazo hazikuja. Ni sawa na mkulima aliyekodi ekari 20 akitegemea trekta la mtu mmoja, mvua ikaanza, na trekta likawa karakana.

Lakini Desemba 2020, wakati Boeing ikiwa bado na jeraha la MAX na anga likiwa limesinzia kwa sababu ya korona, Ryanair iliongeza oda ya MAX 75. Septemba 2021 ilipotaka ndege kubwa zaidi, MAX 10, mazungumzo yakavunjika kwa sababu ya bei na Ryanair ikainuka mezani. Ilirudi Mei 2023 na kuagiza 150, pamoja na haki ya nyingine 150. Kuondoka dukani bila kununua ni silaha ambayo wanunuzi wengi wanaiona kama aibu. Kwa O'Leary ni sehemu ya kazi.

AirAsia ya Malaysia nayo inatoa ushahidi upande wa pili. Tony Fernandes aliinunua mwaka 2001 kwa ringgit moja pamoja na madeni yake ya ringgit milioni 40, ikiwa na Boeing 737 mbili tu. Mwisho wa mwaka 2004 aliiacha Boeing na kuchagua Airbus A320. Boeing zilizompa mwanzo hazikumzuia kubadili pale alipoona hesabu imebadilika.

Oda ni deni

Upo upande wa biashara hii ambao wauzaji hawapendi kuutaja. Ndege iliyoagizwa leo inaweza kufika miaka mitano ijayo, na siku ya kuilipia inafika hata kama abiria hawapo. easyJet ililijua hilo mwaka 2020. Mwishoni mwa Machi iliegesha ndege zake zote kwa sababu ya korona. Mapato yakasimama, lakini mkataba na Airbus wa ndege 107 wenye thamani ya pauni bilioni 4.5 haukusimama.

Mwanzilishi mwenyewe, Haji-Ioannou, ambaye yeye na familia yake walikuwa na karibu theluthi moja ya hisa, alitaka mkataba huo uvunjwe. Alipokataliwa aliitisha kura ya kuwaondoa viongozi, akiwemo mtendaji mkuu. Mei 22, 2020 wanahisa wengine waliwaunga mkono viongozi, na mkataba ukabaki. Kabla ya hapo, mwezi Aprili, kampuni ilikuwa imekubaliana na Airbus kusogeza mbele upokeaji wa ndege 24.

Mambo mawili yanajitokeza hapo. La kwanza, mkataba mzuri una mlango wa kupumulia. Kama easyJet isingeweza kuzungumza na Airbus juu ya tarehe, mwaka ule ungekuwa mbaya zaidi. La pili, ugomvi wenyewe ulipigwa hadharani, mbele ya wenye mali, kwa takwimu. Hata mwaka 2013, easyJet ilipotaka kuagiza A320 zipatazo 35 na A320neo 100, mwanzilishi huyo alipinga, na ilibidi suala lipelekwe kwa wanahisa wapige kura. Viongozi walilazimika kueleza kwa nini chombo kile, kwa nini wakati ule.

Hapo ndipo vyama vingi vya ushirika vinapojikwaa. Mara nyingi wanachama husikia kwamba chama kimenunua lori au mashine baada ya lori kuegeshwa uani. Hawajaona bei ya muuzaji wa pili kwa sababu hakuwepo muuzaji wa pili. Ikumbukwe kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ununuzi linaanza kabla ya kulipa.

A319 zilipotua Dar es Salaam

Ndege hii ya A319 ina hadithi yake Tanzania pia. Novemba 29, 2012 shirika la Fastjet, lililoanzishwa kwa ushiriki wa Haji-Ioannou huyo huyo, lilianza safari kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro likitumia A319. Nauli ya chini ilitangazwa kuwa Sh32,000 kabla ya kodi na tozo. Watu ambao hawajawahi kupanda ndege walipanda. Wafanyabiashara wa Mwanza waliokuwa wakimaliza siku nzima au zaidi barabarani walifika Kariakoo asubuhi na kurudi jioni.

Ndege ilikuwa ile ile iliyoifanikisha easyJet. Soko halikuwa lile lile. Kujaza viti zaidi ya 150 kati ya Luton na Geneva mara kadhaa kwa siku ni jambo moja, na kuvijaza kwenye njia za Tanzania, kila siku ya wiki, ni jambo lingine. Mwaka 2016 Fastjet iliamua kuziacha A319 na kuhamia ndege ndogo za Embraer kutoka Brazil. Ilikuwa ni kukiri kwamba chombo kilikuwa kikubwa kuliko shamba. Safari zake za Tanzania zilikoma mwishoni mwa mwaka 2018 shirika likiwa limezongwa na madeni.

Madeni hayo hayakutokana na ukubwa wa ndege peke yake. Lakini ukweli unabaki kwamba chombo kilichomtajirisha jirani kinaweza kukufilisi wewe, kama jirani ana ekari 200 na wewe una nane. Wakulima wangapi wamenunua trekta kubwa kwa sababu walimwona mwenzao analo, kisha wakalitumia wiki tatu kwa mwaka na kulilipia miezi 12?

Air Tanzania nayo imeonja upande mwingine wa suala hili. Ndege zake za Airbus A220, ambazo ni za kisasa na zinasifiwa kwa kutumia mafuta kidogo, zimewahi kulazimika kukaa chini kuanzia mwaka 2022 kwa sababu ya matatizo ya injini zake, zinazotengenezwa na Pratt & Whitney. Tatizo hilo liliwakumba wateja wengine wa injini hizo duniani. Anayenunua chombo ananunua pia foleni ya vipuri vyake, na mteja mdogo mara nyingi hujikuta nyuma katika foleni hiyo.

Mwenye ndege moja afanye nini?

Atakuwepo msomaji atakayesema kwamba haya ni ya matajiri. Mkulima wa Kilombero au muuza mchele wa Kahama haagizi vyombo 120. Anataka powertila moja, na muuzaji wa powertila hatapunguza hata shilingi kwa ajili yake. Hoja hiyo ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Nguvu ya easyJet mezani ilitokana na wingi.

Lakini wingi unaweza kutengenezwa. Chama cha msingi chenye wanachama 300, kikijua kwamba 15 kati yao wanataka powertila msimu ujao, kina oda ya powertila 15. Hiyo si oda ndogo kwa muuzaji wa mkoani. Kinachokosekana ni mtu wa kuziandika oda hizo kwenye karatasi moja na kuzipeleka kwa wauzaji wawili, kila mmoja akijua kwamba mwenzake yupo. Kazi hiyo haihitaji mtaji. Inahitaji uaminifu na kalamu.

Wakati nao hauhitaji mtaji. Ryanair na easyJet walinunua soko lilipolala. Mkulima wengi wao hununua pampu jua linapowaka na trekta mvua zinapokaribia, yaani siku ambazo muuzaji hana sababu ya kushuka. Anayenunua baada ya msimu, wakati mitambo imejaa vumbi dukani na muuzaji ana kodi ya kulipa, anakutana na mtu mwingine kabisa.

Zaidi ya hapo, bei ya siku ya kununua iwe swali la mwisho, si la kwanza. Ya kwanza ni haya: spea zinapatikana wapi, na bei yake imeandikwa? Fundi yuko umbali gani? Chombo kinakula mafuta kiasi gani kwa ekari? Mkopo unasemaje kama mavuno yatakuwa mabaya, je, kuna mlango wa kusogeza marejesho? Kikichakaa kitauzwa kwa nani? easyJet ilikubali kulipia stoo mbili kwa karibu miaka minane kwa sababu majibu ya maswali ya namna hii, yakijumlishwa, yalikuwa upande wa Airbus. Ryanair ilipata majibu yake upande wa Boeing. Hakuna aliyechagua kwa kupenda rangi.

Mabenki na wakopeshaji wa zana za kilimo nao wana sehemu yao. Mkopo unaomfunga mkulima kwa muuzaji mmoja tu unamnyima silaha pekee aliyonayo. Ni haki mkopeshaji kutaka chombo imara chenye dhamana. Si haki kumchagulia mkopaji duka. Wakopeshaji wakidai ofa mbili za maandishi kabla ya kutoa fedha, watakuwa wamelinda mkopo wao wenyewe, kwa kuwa mtambo ulionunuliwa kwa bei halali ndio unaoweza kujilipa.

Wazee walipotunga methali yao, jembe baya lilimgharimu mtu malengelenge. Jembe la leo lina injini, lina riba, na limewekewa nyumba kama dhamana. Viongozi wa vyama vya msingi wanaopanga ununuzi wa msimu ujao waanze na jambo moja dogo: mkutano mkuu usipitishe chombo chochote mpaka wanachama waone mezani bei za wauzaji wawili.